Ndoo ya Mama

Mimi nauza miche kitaluni, na mimea ya ua wa mama niliichagua mwenyewe. Daktari alishamkataza kubeba ndoo kwa sababu ya moyo. Nikang'oa mawaridi yake yote, nikapanda mishubiri, na chini yake mimea minene ya kutambaa, ifunike udongo usiungue na jua. Vitu visivyojua kiu.

Baada ya wiki tano nikakuta mishubiri imelainika kama ndizi iliyooza. Nikang'oa mmoja, mizizi inanuka, udongo tope tupu. Na mvua haijanyesha tangu nipande!

"Mama, nani anamwagilia hapa?"

"Labda jirani, mwanangu."

"Jirani aruke ukuta na ndoo?"

Akageuka kuingia ndani. Siku za mwizi arobaini. Kesho yake nikaja saa saba mchana, sikupiga hodi. Nikamkuta katikati ya ua, ndoo imejaa pomoni, anahema, midomo imembadilika rangi. Nikamnyang'anya, maji yakatulowesha wote wawili.

"Unataka kufa? Mimea hii haihitaji mtu!"

Akaketi kizingitini, kiganja kifuani. Nikasubiri pumzi yake itulie, yangu nimeibana.

"Ndiyo maana," akasema hatimaye. "Mawaridi yalikuwa yananiamsha asubuhi. Hii mishubiri yako, niiamkie nini?"



Asubuhi iliyofuata nilimletea mche mmoja wa waridi na kopo dogo la kumwagilia. Ndoo nikaondoka nayo.