Jumamosi za Afisa

Siku benki ilipotuma mtu kuja kuikagua nyumba, alikuja mwanamke mnene kiasi, faili kwapani, madoa meusi mashavuni. Alipita chumba hadi chumba, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akafungua bomba la jikoni na kulifunga. Mume alimfuata nyuma akimweleza habari za paa. Mke hakusikia hata neno moja. Macho yake yalikuwa kwenye yale madoa, maana kazi yake ilikuwa nyuso za watu, na aliyajua madoa ya namna ile: aliijua krimu inayoyaleta na muda yanaochukua kuondoka.

"Afisa, usinielewe vibaya," alimwambia walipofika mlangoni. "Hayo ya mashavuni yanatoka. Nipe miezi sita."

Yule mwanamke alijigusa shavu. Hakukasirika. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia," alisema. "Wengine wote huniambia nimependeza."

Mwezi uliofuata mkopo wa nyumba ulitoka, wa kulipwa miaka kumi na miwili. Wakikosa kulipa, nyumba inakwenda. Benki ilikuwa imepima mshahara wa mume, dereva wa kampuni ya vinywaji, ikaridhika nao. Lakini mke alibaki na imani yake moyoni kwamba madoa yale yalikuwa na mkono wao katika jambo hilo.

Kabla mwaka wa pili haujaisha, kampuni ikafungwa. Mume akaanza kuendesha magari ya watu, wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo. Mke alikuwa ameajiriwa katika saluni ya mtu, na katika kila alicholipa mteja yeye alipata robo. Akapiga moyo konde, akaacha kazi, akafungua yake nyumbani. Chumba kilichofaa kilikuwa kimoja tu, cha mbele, chenye dirisha kubwa na mlango wake wa nje. Kilikuwa cha binti yao.

"Ni kwa muda tu, mwanangu," alimwambia.

Binti, wakati huo yuko sekondari, aliburuta godoro lake hadi sebuleni bila kununa. Muda huo ukawa miaka mitano. Alisomea mitihani yote chini ya taa ya sebuleni huku baba yake akitazama mpira kwa sauti ya chini.

Kile chumba kikageuka. Kitanda chembamba cha kulaza wateja, kabati la taulo nyeupe, beseni la kuloweka miguu, chungu cha umeme cha kuyeyushia nta, na mashine ya mvuke iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Mashine hiyo ilipopata moto, mvuke ulitoka dirishani, na watoto wa mtaani walisema mle ndani watu wanapikwa. Ndipo wakamwita Mama Mvuke, na jina likamganda. Wateja walipatikana mmoja mmoja: walimu, wauza duka, bibi harusi na shangazi zake. Mama Mvuke alikuwa na mikono myepesi. Akikuchonga nyusi kwa uzi, unaweza kusinzia.

Afisa, yule wa madoa, alikuja tangu wiki ya kwanza. Alichagua Jumamosi saa tatu asubuhi, saa ambayo kila mwanamke mwenye sherehe anaitaka. Siku ya kwanza alipomaliza, alifungua mkoba.

"Niambie, ni kiasi gani?"

"Afisa, we! Funga mkoba wako," alisema Mama Mvuke. "Wewe ni mtu wa nyumbani."

Afisa akaufunga. Mara ya pili aliufungua nusu. Baada ya hapo hakuufungua tena. Akawa anakuja kila baada ya wiki mbili, analala, anafumba macho, na kwa saa moja na nusu uso wake unakuwa mali ya Mama Mvuke: unasafishwa, unapigwa mvuke, unakamuliwa vichunusi, unapakwa udongo, unakandwa. Madoa yalitoka kweli. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na Mama Mvuke alimwomba amletee wenzake wa benki.

"Nikuletee, halafu wajue siri yangu?" alijibu Afisa akicheka.

Mume hakulifurahia jambo hilo. "Huyu mama analipa lini?" aliuliza Jumamosi moja, kikombe cha chai mkononi.

"Analipa kwa njia yake."

"Njia gani?"

"Juzi tulichelewesha rejesho siku nane. Uliona mtu akigonga mlango? Basi nyamaza."

Mume akarudi kwenye chai yake. Tangu apoteze kazi, kunyamaza kulikuwa kumemkaa kama shati.

Binti akaenda chuo, akamaliza. Mahafali yakapangwa Jumamosi, saa nne. Mama Mvuke alimpigia Afisa mapema kumwomba abadili siku. Afisa akasema Jumamosi hiyo hiyo ana harusi ya mdogo wake, hawezi kusimama kwenye picha na uso wa wiki mbili. Hakulazimisha. Alisema tu, "Kama huwezi, basi." Na Mama Mvuke alipolisikia lile "basi", aliiona nyumba inakwenda.

"Nitakufanyia chapuchapu," akasema.

Mume alitangulia na binti. Mama Mvuke alifika chuoni saa sita kasoro, mikono ikinukia krimu, akakuta watu wanakunja viti. Jina la mwanawe lilikuwa limeshaitwa. Walipiga picha chini ya bango, binti katikati, na mpiga picha akamwambia Mama Mvuke atabasamu. Binti alivua joho, akalikunja. Baada ya miezi michache alipata kazi katika mji mwingine, akahamia huko, akawa anapiga simu kila mwisho wa mwezi.

Mwaka wa kumi wa mkopo, barabara ya mbele ya nyumba ilichimbwa ili kuwekwa mabomba ya maji machafu. Mtaro uliachwa wazi miezi mitatu. Kulikuwa na ubao wa kuvukia, lakini ni bibi harusi gani atavuka ubao? Wateja wakakatika. Rejesho la kwanza likapita, la pili likapita. Ikaja barua ya benki: siku thelathini, la sivyo nyumba itauzwa.

Maji yalikuwa shingoni, lakini Mama Mvuke hakutetemeka sana. Alimpigia Afisa.

"Barua hizo huwa zinatumwa tu," alisema Afisa. "Nenda pale ukaongee nao."

Alivaa vizuri, akaenda. Kwenye meza ya mikopo ya nyumba alikuta bwana mmoja mwenye miwani, akamwambia anamtaka Afisa, akamtaja.

"Yule mama?" bwana alishangaa. "Huyo hayupo kitengo hiki. Yuko stoo, ndiye anayeagiza karatasi na viti. Mwaka wa nane sasa."

"Lakini yeye ndiye anaangalia faili langu."

Bwana aligeuza kompyuta kidogo, kama mtu anayetaka kusaidia. "Faili lako ninalo mimi. Kabla yangu alikuwa nalo mwingine, ameshastaafu."

"Na zile siku nane? Tulichelewa siku nane, hamkuja."

"Siku kumi za mwanzo hatumfuati mtu yeyote, mama. Ni utaratibu wa wote."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Usiku huo mume alimpigia binti bila kumwambia mkewe. Siku ya tatu pesa ziliingia, malimbikizo yote, pamoja na ujumbe mfupi: "Mama, zimefika?" Hakukuwa na swali lingine. Mama Mvuke alijibu zimefika, akaandika asante, akaifuta, akaandika tena.

Jumamosi Afisa alivuka ule ubao kwa tahadhari, akaingia, akalala. Mama Mvuke alimsafisha uso, akampaka udongo, akakaa kwenye kigoda chake cha nyuma ya kichwa.

"Uko stoo," alisema.

Afisa hakufumbua macho. Udongo ulikuwa umeanza kukaza. "Ndiyo."

"Miaka minane."

"Mimi sikukuambia kitu, Mama Mvuke. Hata siku moja sikusema nakusaidia. Wewe ndiye ulikataa pesa."

"Ulijua nilichokuwa nadhani."

"Nilijua," alisema Afisa. "Mara mbili nilitaka kukwambia. Lakini ulikuwa unanipokea vizuri. Kule stoo napitisha siku nzima mtu hajaniamkia. Hapa nilikuwa bado Afisa."

"Sikumwona mwanangu akiitwa jina."

"Sikujua ni mahafali. Uliniambia una safari."

Ilikuwa kweli. Siku ile aliona haya kutaja mahafali, asionekane anaringa. Mama Mvuke alitafuta mtu wa kumlaumu mle chumbani, na kila alipogeuka alikuwa anajiona mwenyewe na yule mwanamke mwenye uso wa udongo, wote wawili. Akachovya taulo kwenye maji ya moto, akaikamua, akaanza kufuta. Alifuta taratibu, kuzunguka pua, chini ya macho, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vibaya.

Afisa aliinuka, akavaa viatu, akafungua mkoba. "Bei yako ya kawaida ni kiasi gani?"

Mama Mvuke aliitaja.

"Kumbe ni hiyo tu," alisema Afisa, na alisema kwa mshangao wa kweli. Akahesabu, akaweka kwenye kabati, juu ya taulo. "Na Jumamosi, baada ya wiki mbili?"

Mtaro ulikuwa bado wazi. Daftari la miadi halikuwa na jina lingine. Mama Mvuke alilifungua, akamwandika, ila alimpa saa nane mchana.

Mtaro ulifukiwa, wateja wakarudi, si wote. Baada ya miaka miwili rejesho la mwisho lililipwa, na bwana wa miwani akawakabidhi hati ya nyumba ndani ya bahasha ya kaki. Mume aliibusu bahasha na kuita majirani. Mama Mvuke aliingia chumba cha mbele, akafunga mlango, akampigia binti.

"Mwanangu, tumemaliza. Njoo uione. Chumba chako nitakihamisha vitu, ulale humu."

"Hongera, Mama," alisema binti. Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyomuuma zaidi. "Nitakuja. Lakini sina haja ya chumba. Nikija huwa silali."

"Basi njoo Jumamosi."

"Jumamosi niko kazini, Mama. Tutaona."

Mama Mvuke alisema sawa. Nje ya dirisha mteja wa saa tano alikuwa amefika, akibisha hodi, na maji ya mashine yalikuwa hayajachemka.