Vioo Visivyo na Majina

"Tukizihamishia kompyuta zote kwenye seva moja, na hiyo moja ikatuangusha, hatuna pa kushika," Kabula alisema. Alikuwa amesimama, kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa kimebeba katoni za maji ya wafadhili.

Deogratias, katibu wa hospitali, hakuinua macho. Alikuwa akisoma maneno ya bango litakalotundikwa getini.

"Kwani iliwahi kutuangusha?"

"Haijawahi kuzibeba zote kwa pamoja, Katibu."

Hospitali hiyo ya misheni, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ilikuwa imeachana na mafaili ya karatasi na kujivunia hilo katika kila kikao. Mapokezi, dawa, maabara, eksirei, kila idara ilikuwa na kompyuta yake isiyoshikika kwa mkono, kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Zote zilikaa ndani ya seva mbili kubwa zilizokuwa zikiunguruma katika chumba cha zamani cha kupigia pasi mashuka, na juu yao kulikuwa na programu moja ya kuzichunga. Ni Kabula aliyeziweka humo. Sasa programu ya kuchunga na seva zenyewe zilikuwa zimepitwa na wakati, na kwa miezi alikuwa akipanga namna ya kuziboresha: aanze na hiyo programu, mchungaji wao, kisha aimwage seva ya kwanza iwe tupu, wakazi wake wote wahamie kwa jirani, aisafishe na kuiwekea toleo jipya, halafu awarudishe, ageukie ya pili. Mgonjwa hata mmoja asijue kwamba kulikuwa na uhamisho.

Alikuwa akisubiri kitu kimoja tu, diski ya bakapu. Ile ya zamani iligoma kupokea kitu kipya tangu wakati wa palizi. Mapokezi na dawa alizinakili kwenye laptop yake mwenyewe mpaka ikajaa. Maabara, pamoja na mapicha yake, haikuenea.

"Diski iko njiani," alisema. "Tusogeze mbele wiki mbili tu."

"Wageni ni Ijumaa ijayo, dada Kabula. Leseni ya programu mpya wametoa wao. Niwaonyeshe nini, mfumo wa kizee?" Deogratias aliweka karatasi mezani. Hakuwa na sauti ya ukali, ungedhani anambembeleza. "Wewe kila siku unapanga. Unapanga kazi au unapanga harusi? Nikuulize swali moja. Unaweza au huwezi? Kama huwezi sema, niwaite vijana wa Mwanza."

Mkataba wake ulikuwa unaisha Agosti. Kabula alitazama zile katoni za maji, plastiki yake ikiwa bado haijachanwa.

"Naweza," alisema.

Alifanya kazi hiyo Jumapili, kwaya ikiimba kanisani upande wa pili wa ua. Programu mchungaji ilikubali toleo jipya bila matata. Seva ya kwanza ilimwagika vizuri. Aliwaona wakazi wake wakihama mmoja mmoja kwenye skrini, mapokezi, dawa, eksirei, na mwisho maabara, ambayo ilihama polepole kama mtu mwenye mizigo mingi. Akaizima seva tupu, akaanza kuisafisha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akaketi.

Ndipo seva ya pili ilipobadilisha sauti. Feni zake zilianza kuvuma, taa moja ikageuka ya njano, kisha ya pili. Diski mbili ndani yake, zilizokuwa zimenunuliwa siku moja na kuchoka pamoja, hazikuuhimili mzigo. Kabula aliinuka. Alibonyeza, akabonyeza tena. Akajaribu kuwaondoa wakazi wakati nyumba inaungua, na hapakuwa na pa kuwapeleka, kwa kuwa ile nyingine alikuwa ameifuta kwa mikono yake. Kwaya ilikuwa bado kwenye wimbo uleule skrini ilipoganda.

Kufikia Jumatano mapokezi na dawa vilikuwa vimerudi kutoka kwenye laptop yake. Eksirei ilifufuka nusu. Maabara ilirudi kutoka kwenye diski ya zamani, kama ilivyokuwa kabla ya palizi, na kila kilichoandikwa baada ya hapo hakikuwepo.

Ijumaa wageni walikuja. Deogratias aliwaongoza hadi chumba cha pasi, akawaonyesha skrini mpya yenye rangi ya bluu na alama za kijani. Kila kitu kwenye skrini kilikuwa kijani, kwa kuwa mashine tupu nayo ni mashine nzima. Mama mmoja wa kizungu aliuliza kama kulikuwa na changamoto yoyote.

"Changamoto hazikosekani," Deogratias alisema, "lakini wataalamu wetu wapo." Akamshika Kabula begani. Wakapiga makofi.

Kabula alikunywa maji yao. Yalikuwa ya moto.

Ni nesi Esteria wa kliniki ya akina mama aliyekuja kumwambia la vioo. Baada ya Pasaka alikuwa amekuja daktari bingwa kwa siku chache, akawachukua vinyama wanawake wenye uvimbe wa titi, akavisoma kwa darubini, akaandika majibu moja kwa moja kwenye mfumo, akarudi kwao. Vioo alivyobandikia vinyama hivyo vilikuwa bado kabatini, safi, kila kimoja na namba. Ila majina ya wenye namba hizo yalikuwa ndani ya maabara.

Vioo vikapelekwa Mwanza kusomwa upya. Jibu lilirudi kwa simu, Esteria akalipokea amesimama mlangoni pa chumba cha pasi ili Kabula asikie. Vyote ni salama, kasoro kimoja. Hicho kimoja ni kansa, na mwenyewe aanze matibabu haraka.

"Mwenyewe ni nani?" Kabula aliuliza.

Esteria alirudisha simu mfukoni.

Kwa orodha ya mapokezi, wanawake walikuwa kumi na mmoja. Iliamuliwa waitwe wote wakatwe upya. Deogratias alitoa na maneno ya kuwaambia: sampuli ziliharibikia njiani. "Tukisema mfumo, kesho tuko redioni," alisema. Wengi walipatikana kwa simu. Nyanjige wa Zagayu, ambaye namba yake ilikuwa ya shemeji aliyehamia Geita, hakupatikana. Esteria akaenda kumtafuta kwa gari la hospitali. Kabula akaomba kwenda naye, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Walimkuta shambani. Pamba ilikuwa imepasuka yote, shamba jeupe hadi kwenye mawe, na Nyanjige alikuwa katikati yake peke yake, mfuko wa kitambaa umefungwa kiunoni. Mwanamke mrefu, wa makamo, uso mkavu kwa vumbi.

"Mwadila, mayu," Kabula alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola."

Nyanjige alimtambua Esteria kwa sare. Akaacha kuchuma. "Mmeniletea majibu."

"Bado, mama," Esteria alisema. "Ile sampuli yako iliharibikia njiani. Tumekuja kukuomba urudi, tuchukue nyingine kidogo tu."

Nyanjige alifungua vifungo viwili vya blauzi, bila haya, akawaonyesha. Kovu lilikuwa refu kuliko inavyopaswa, lenye mikunjo, ngozi imeng'ang'ania pembeni.

"Kidogo ndiyo hiki," alisema. "Kilioza. Mwezi mzima mkono haupandi. Mume wangu, Baba Masunga, akahangaika na shamba peke yake, na wakwe wakasema nimerogwa, nikapelekwa Nkoma kwa mganga nikachanjwa tena. Sasa mnasema nyama yangu iliharibika barabarani. Kama samaki."

Esteria alifungua mdomo. Kabula akamtangulia.

"Haikuharibika, mayu."

"Kabula," Esteria alisema kwa sauti ya chini.

"Haikuharibika. Daktari aliisoma na jibu akaliandika. Likapotea mkononi mwangu. Mimi ndiye mwenye zile mashine. Niliambiwa niharakishe, nikajua ni hatari, nikakubali." Alisimulia kila kitu hapo kati ya mistari ya pamba, kwa Kisukuma cha nyumbani kwao Nkololo, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yalikuwa yakimkimbilia kwenye *mfumo* na *changamoto*. Alisimulia vioo na namba. Alisema kwamba kimoja ni kibaya.

Nyanjige alifunga vifungo vyake. Alionekana kama mtu anayepima kitu ambacho hatimaye amekabidhiwa chote.

"Kwa hiyo mmoja wetu anayo."

"Ndiyo."

"Na wenzangu wamekubali kukatwa?"

"Wengi wamekubali. Wengine wamekwisha kuja."

"Ameonekana?"

"Bado hajaonekana."

"Basi mnao watu wa kutosha." Alivuta mfuko kiunoni, akauweka sawa. "Wakateni hao kwanza. Akionekana kwao, mimi ni mzima, na nitakuwa nimevuna. Wakiisha wote wakawa wazima, mtakuwa mmejua ni mimi. Hamtahitaji kunikata ili mjue."

"Mayu, itachukua wiki nyingi," Kabula alisema. "Kama ni wewe, wiki hizo ni—"

"Najua wiki ni nini." Hakusema kwa hasira, na Kabula angeshukuru kama angesema kwa hasira. "Wewe ulipoambiwa uharakishe, uliharakisha. Mimi unanitaka niharakishe kwa ajili ya nani?"

Esteria alikuwa ameanza kulia, akijifanya anapangusa jasho.

"Ila umesema kweli," Nyanjige aliongeza, kama anayetoa kitu kidogo alichokuwa nacho. "Yule aliyenikata hata jina hakuniuliza. Aliuliza titi lipi."

Akageuka, akarudi kwenye mstari wake.

Dereva alipiga honi mara moja, akaacha. Esteria alitangulia kuelekea garini. Kabula alibaki akimtazama yule mwanamke akiteremka polepole kati ya mashina. Alichuma kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto aliubana kifuani, kiganja wazi juu ya blauzi, na kila alipofika kwenye tumba la upande wa kushoto, lisilofikiwa na mkono wa kulia, aliliacha hapohapo, jeupe, akapita.