Mistari Mitatu ya Wanja

Kiden alimwahidi bibi yake, huko Koboko, kwamba atamwona kwenye televisheni. Kichekesho kilirekodiwa Arua: familia ya Kilugbara inampokea mkamwana Mkakwa, na kila alifanyalo linawachekesha. Mkamwana huyo alikuwa Kiden.

Siku ya kurekodi, mwongozaji Acidri alimjia na kalamu ya wanja. "Dada, nikuchore mistari mitatu kila shavu. Watu wajue wewe ni Mukakwa."

"Bibi yangu anayo," Kiden alisema polepole. "Alichanjwa akiwa mtoto, akalia. Mimi sina, na bado ni Mkakwa."

"Mukakwa bila alama iko kama chai bila sukari. Nani itacheka?"

Wapambe wake wakacheka. Kiden alimtazama huyu mtu wa Vurra, aliyekaa Kampala kidogo akarudi na miwani ya jua ya kuvaa ndani ya nyumba, akaona hafai hata kukasirikiwa. Alivua kitenge cha igizo, akakikunja vizuri, akaenda kutafuta gari la kurudi kwao.

Nafasi akapewa Sandra wa Arua mjini. Jumapili bibi alivaa gomesi ya kanisani, akaketi na Kiden mbele ya televisheni ya jirani. Kiden hakuwa amethubutu kumweleza. Kwenye kioo, jasho lilikuwa limeuteremsha wanja wa Sandra hadi kidevuni.

Bibi akagusa mashavu yake mwenyewe.

"Huyu mutoto, paka ilikwaruza yeye?" aliuliza. "Na wewe iko wapi?"

"Nilikataa, Bibi."

Bibi alitazama kidogo tena.

"Weka mpira," akasema.