Chupa ya Chai ya Shemeji

Nesi alituambia mimi na shemeji, mdogo wa mume wangu: "Vidonge hivi vya mgonjwa wenu vinatuliza mitetemeko ya kuacha pombe. Msivichanganye na pombe hata tone, pumzi itamkatika." Shemeji akaitikia, "Tumeelewa, dada."

Kesho yake, nikiwa kazini, akamletea kaka yake chupa ya chai, eti anamwonea huruma. Niliporudi nilimkuta mume wangu kitandani, wa baridi.

Msibani, huyohuyo mwenye huruma akasimama kutangaza kwamba dawa za hospitali zimemuua kaka yake. Nikaileta ile chupa, nikaifungua, nikampa mama mkwe anuse. Pombe kali tupu.

Akanusa, akarudisha kifuniko taratibu.

"Nimebaki na mtoto mmoja tu," akaninong'oneza. "Nyamaza."