Majitu ya Pembezoni

"Hakuna," niliandika kwa penseli kwenye fomu ya majibu, kisha nikautazama mkono wangu kana kwamba si mimi niliyeuamuru.

Slaidi ile, kipande cha kioo kilichokuwa chini ya hadubini yangu, haikuwa na jina, ila namba. Na namba ile niliijua. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemshika bega Mama Mdogo wakati daktari alipomvuta uboho kutoka kwenye mfupa wa nyonga. Yeye ndiye aliyenilea, na kila sare niliyovaa shuleni ilipita chini ya cherehani yake. Kwa wiki tatu, kila alipojichoma, kidole kilivuja hadi kitambaa kikaharibika, na miguu yake ilijaa vidoadoa vyekundu kama iliyonyunyiziwa wino. Chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba majeraha, zilikuwa karibu kwisha katika damu yake. Swali lilikuwa moja: je, seli kubwa za uboho zinazozizalisha bado zipo? Zikiwapo, huenda vidonge vikatosha. Zisipokuwapo, kiwanda chenyewe kimefungwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, katika mafunzo ya vitendo. Mkuu wa maabara, tuliyemwita Bi Taratibu kwa jinsi alivyolitamka neno hilo kutwa nzima, alikuwa ameniachia nitazame kwanza, naye apitie baadaye. Hakujua namba ile ni ya nani. Nilidondosha tone la mafuta juu ya kioo, nikashusha lenzi yenye nguvu kuliko zote, nikaikagua katikati ya slaidi seli baada ya seli, kwa dakika arobaini. Sikuona hata moja.

Nilitoka kupata hewa. Mama Mdogo alikuwa kwenye benchi la ukumbini, gauni la mteja mapajani, akichomoa nyuzi kwa vidole kwa kuwa sindano amekatazwa.

"Haya, mtaalamu wangu, umeona nini?"

"Bado, Mama."

"Usinidanganye. Uso huo ndio ule ule ulioniambia paka amevunja sufuria ya maziwa."

"Sufuria haivunjiki, Mama."

"Ndiyo maana sikukuamini," alisema, akacheka. Kisha akalikunja gauni polepole, mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Niliporudi, Bi Taratibu alikuwa amekalia kiti changu, fomu mkononi.

"Ulianza na lenzi gani?"

"Ile ya mafuta."

"Mwanangu! Umeitafuta nyumba kwa kukodolea macho tofali moja." Alifuta mafuta na kugeuzia lenzi yenye nguvu ndogo. "Seli unazozitafuta ni majitu. Uboho ukipakwa kwenye kioo, ukubwa wao huyapeleka pembezoni. Nenda ukingoni. Taratibu."

Nikaenda ukingoni. Na hapo, moja baada ya jingine, yalijitokeza.

Nilikuwa nimeyasoma vitabuni, lakini kusoma si kuona. Seli nyingine hukua na kugawanyika. Jitu hili hukataa kugawanyika. Kiini chake hujirudufu tena na tena ndani ya mwili mmoja unaozidi kutanuka, na likishapevuka hunyoosha nyuzi ndefu ndani ya mshipa, nazo hukatikakatika kuwa chembe sahani kwa maelfu. Huutoa mwili wake wote. Nililiona moja lililobaki kiini kitupu, kimekunjamana.

"Hili limekufa," nilinong'ona.

"Limemaliza," alisema Bi Taratibu. "Angalia na wenzake. Yapo tele."

Hapo machozi yakanitoka, nikamwambia slaidi ilikuwa ya nani. Aliiweka fomu mezani, mbele yangu.

"Ungeniambia, nisingekuruhusu hata kuigusa." Kisha akanisogezea kifutio. "Futa hilo neno. Ripoti nitaiandika mimi."

Vidonge vilichukua wiki tano. Siku moja ya likizo, nikiwa nimeketi kando ya cherehani, Mama Mdogo alijichoma. Tone likajitunga kwenye ncha ya kidole, jekundu, la mviringo. Alilibana kwa kipande cha kitambaa cheupe, akaendelea kunisimulia habari za bibi harusi asiyejua kiuno chake mwenyewe. Sikusikia hata neno moja. Alipokifungua, kidole kilikuwa kikavu.

"Unakodoa nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

Alikitupa kile kipande chini, miongoni mwa vipande vingine, akaivuta mikono ya gauni karibu. Alipogeuka kutafuta mkasi, nilikiokota, nikakiweka katikati ya daftari langu la maabara.