Chupa ya Maji ya Kipaza

Dalali yule wa mnada watu walimwita Kipaza, na si bure. Siku ya kuuza makochi na majokofu yaliyotumika alikuwa hahitaji umeme. Akifungua mdomo tu, wapita njia wa mtaa wa pili wanageuka kuuliza bei. Sauti ile ndiyo iliyowalisha mkewe na binti yao wa pekee, kipa wa timu ya wasichana. Na sauti hiyohiyo ndiyo iliyowaponza mechi iliyopita. Kipaza alisimama nyuma ya goli akapayuka, "Toka! Toka, mwanangu!" Binti akatoka, mpira ukampita juu ya kichwa, wavu ukatikisika. Kocha alikuwepo, analipwa kwa kazi hiyo, lakini nani angemsikia?

Jioni ile binti aliziweka glavu mezani mbele ya baba yake.

"Baba, fainali chagua. Uje na mdomo wako, au mimi nije na glavu zangu. Nikikusikia mara moja tu, nazivua palepale, naondoka."

Mama mtu aliendelea kumenya vitunguu, hakumtetea mtu.

"Sasa mimi nitanyamazaje, mwanangu? Hii ndiyo kazi yangu!"

Binti akamkabidhi chupa kubwa ya maji. "Jaza mdomo. Usimeze."

Basi Jumamosi, Kipaza huyo pembeni mwa uwanja, mashavu yamevimba. Kila mpira ukikaribia goli la bintiye alimeza bila kutaka, akajaza tena. Mzazi mmoja akamuuliza kama jino linamsumbua.

"Mwache," mkewe akajibu, "yuko kwenye dozi."

Mechi ikaisha bao moja kwa moja. Penalti! Wa kwao walifunga zote tano. Wapinzani wakafunga nne, ikabaki moja. Binti akidaka hiyo, kombe ni lao. Kipaza chupa imemwishia, amebakiwa na funda moja tu mdomoni, na kibofu nacho kimeanza kudai haki yake.

Mpigaji, msichana mrefu, akaweka mpira. Akatupa jicho upande wa kushoto wa kipa. Akatupa tena. Aa, haya ndiyo mambo ya Kipaza! Miaka kumi na minane anasoma macho ya wanunuzi. Anajua nani analitaka kochi kabla hajanyoosha mkono. Kushoto! Huyu anapiga kushoto! Neno lilimfika kooni. Ulimi ulimwasha. Baba gani anaijua njia ya mpira akamficha mwanawe? Mkewe akamshika mkono, akaubana hasa.

Kipaza akatazama zile glavu. Binti alikuwa ameinama kidogo, ametulia, hamwangalii mtu. Mwanaume akafumba midomo, machozi yakimlengalenga.

Mpigaji akakimbia, akapiga. Kulia!

Binti akaruka kulia, akajinyoosha mwili mzima, akaupangua mpira kwa ncha za vidole, ukatoka nje!

Maji yote ya Kipaza yaliishia kwenye gauni la mkewe. Wala mama hakujali. Alikuwa akiruka na kiatu kimoja. Wakakimbilia golini pamoja na kocha na timu nzima, vumbi, vifijo, kila mtu anamkumbatia kila mtu.

Binti akajichomoa katikati ya wenzake, akamfuata baba yake akihema.

"Baba, ungeniambia niende wapi?"

Angeweza kudanganya; dalali hashindwi na hilo. Aliangalia viatu vyake.

"Kushoto," akasema.

Binti akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akavua glavu moja, akamvalisha baba yake.

"Haya, sasa ruksa. Nadi."

Kipaza akapanda juu ya benchi la akiba. "Kipa huyu, jamani! Kipa mzima, hana mkwaruzo! Mara ya kwanza!"

Wazazi wakanyoosha mikono kwa kelele. Kocha alinyoosha miwili.

"Teremsha, Kocha, huyu humuwezi! Mara ya pili!"

Ya tatu haikutoka. Kwikwi ilimkaba, akabaki mdomo wazi na glavu hewani, furaha imemzidi.

Binti akapanda benchini kando yake, akavuta pumzi.

"Mara ya tatu! Hauzwi!"

Wapita njia wa mtaa wa pili wakageuka.