Leo Umeng'oa Wapi

"Toka! Toka hapo, mama, simu yangu inakaribia kulia!"

Ng'ombe hakushtuka. Alimtazama Kinyozi kwa macho ya mpangaji aliyelipa kodi yake, akaendelea kutafuna. Kinyozi alimsukuma ubavuni kwa bega, akamswaga hadi nyuma ya kichaka walikokuwa wenzake, kisha akarudi mbio akihema mpaka katikati ya grini ya kumi na nne. Akaipangusa simu kwenye suruali.

Jina la Kinyozi alipewa na wanachama wa klabu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunyoa nyasi za uwanja wa gofu. Klabu ilipokuwa hai, kila alfajiri alizunguka grini zote, yale maduara ya nyasi fupi ambamo shimo hukaa, akiwa na bomba la chuma lenye makali chini na mpini juu. Alilididimiza ardhini, akalizungusha, akachomoa donge la udongo pamoja na nyasi zake, na pale pale akatumbukiza kopo la shimo jipya. Donge alilitumia kuziba shimo la jana. Shimo lisipohamishwa, nyayo za wachezaji huzichosha nyasi za mahali pamoja mpaka zikafa.

Simu ikalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Haya Kinyozi, leo umeng'oa wapi?"

Mzee, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa daktari wa meno kabla macho yake hayajaanza kuingia ukungu. Siku alipoliona lile bomba likichomoa donge na mizizi yake, alicheka hadi akakaa chini, akasema kumbe wao wawili ni watu wa kazi moja. Ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia nchini, klabu ikafungwa, naye binti yake akamfungia ndani kwa sababu ya umri na kifua. Ndipo alipoanza kupiga simu. Akishaambiwa shimo la kumi na nne liko wapi, huvuta kiti chake, Kinyozi akisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, kisha hulicheza kichwani, pigo baada ya pigo, kwa sauti.

"Leo liko nyuma kushoto, Mzee. Karibu na mteremko."

"Umeamua kuniua! Nikizidisha kidogo tu, mpira unaishia mchangani."

"Basi piga polepole."

"Polepole unanifundisha mimi? Mimi niliyeng'oa magego ya polisi?"

Kiti kikakwaruza. Mzee akacheza, akakosa, akajilaumu, akacheza tena. Kinyozi alicheka panapostahili kicheko na kuguna panapostahili mguno. Hapakuwa na shimo nyuma kushoto. Hapakuwa na shimo popote, wala grini haikuwapo, ila majani yaliyofika magotini na alama za kwato.

Klabu ile haikuwa ya matajiri. Walimu, wauguzi na wenye maduka walichangishana wakanunua pori, wakalifanya uwanja, na kwa miaka mingi baa na ukumbi wa harusi ndivyo vilivyolipia maji ya nyasi. Harusi zilipokatazwa, mapato yakakauka. Kamati iliuza viti vya barazani, kisha mashine kubwa ya kukatia nyasi, kisha ikaanza kuwaaga wafanyakazi mmoja mmoja, kwa mbali, bila kupeana mikono. Akabaki Kinyozi kwa nusu mshahara. Mwisho akaja mhazini, mwanamke mwenye duka la dawa, amevaa barakoa mbili, akasimama upande wa pili wa njia kama mtu anayeogopa mbwa.

"Mashimo tisa ya nyuma, kuanzia la kumi, tunayaacha," alisema. "Maji hatuyawezi tena. Yule muuza maziwa atatulipa kodi, alishe ng'ombe wake kule."

"Na wanachama, mama?"

"Wale wanaoendelea kulipa ada ndio wanaokulisha. Usiwaambie kitu mpaka tuitishe mkutano. Sipendi kusema hivi, Kinyozi, nielewe."

Alimwelewa. Kesho yake Mzee alipouliza ameng'oa wapi, mdomo ulijibu wenyewe: mbele kulia. Wiki ya kwanza alijiambia kwamba anatii amri. Baadaye aliacha kujidanganya. Alikuwa akiishi peke yake katika chumba nyuma ya stoo ya mashine, na stoo yenyewe ilikuwa tupu. Mkewe alikwenda kumuuguza dada yake, njia zikafungwa, na zilipofunguliwa alikuwa ameshazoea kule. Kuna siku ambazo, baada ya simu ya Mzee, Kinyozi hakufungua tena kinywa mpaka kesho yake, isipokuwa labda kwa kumfokea ng'ombe. Aliogopa kwamba Mzee akijua grini imekufa hatakuwa na sababu ya kupiga simu. Kumdanganya huku yeye mwenyewe amelala kitandani, hata hivyo, alishindwa. Kila asubuhi ilimbidi aende kusimama pale pale, angalau miguu yake iseme kweli.

"Nimeingiza!" Mzee alipiga kelele simuni. "Sasa sikiliza. Nimesikia Jumamosi mnafungua."

"Ndiyo, Mzee."

"Binti yangu amekubali kunileta. Mashimo mengine siyataki, wala hotuba za mwenyekiti. Nataka la kumi na nne tu."

Kinyozi alitazama majani yaliyomzunguka.

"Mzee," alianza.

"Naam?"

"Njoo na kofia. Jua kali siku hizi."

Kuanzia hapo alifanya kazi ya kichaa. Kwa kuwa mashine ilishauzwa, alifyeka kwa fyekeo, kisha akapiga magoti na kuzipunguza nyasi kwa mkasi wa kukatia ua. Mavi ya ng'ombe aliyazoa kwa mikono. Mashimo ya kwato aliyajaza mchanga, akayakanyaga, yakabonyea tena. Muuza maziwa alikubali kuwafunga ng'ombe nyuma ya kichaka Jumamosi nzima, na katika kukubali huko alimcheka sana. Jumamosi alfajiri Kinyozi alilididimiza bomba, akakata shimo, akachomeka bendera. Kwa mbali palipendeza. Kwa karibu palikuwa malisho yaliyonyolewa vibaya.

Mzee alikuwa amekonda kuliko sauti yake. Alikuja taratibu, ameshikwa mkono na bintiye, na nyuma yao, mbali, watu walikuwa wakimpigia makofi mwenyekiti. Kinyozi akaamkia, akaitikiwa. Binti ndiye aliyesimama ghafla.

"Hii ni nini? Baba, hapa si—"

"Niache kwanza," alisema Mzee. "Nipe fimbo."

Kinyozi aliweka mpira chini, akamwelekeza mabega kama walivyozoea zamani. Mzee alipiga polepole, vizuri kabisa. Mpira ukaruka kwenye visiki vya nyasi, ukaingia katika alama ya kwato, ukanyamaza. Nyuma ya kichaka kengele ikalia.

Mzee aligeuza sikio.

"Wako wangapi?"

"Akina nani, Mzee?"

"Ng'ombe."

Kinyozi alitazama kichakani. "Sita."

"Mimi simuni nasikia kengele mbili."

"Wengine hawavai."

"Aa." Mzee akatikisa kichwa, kama daktari aliyeonyeshwa jino ambalo alikuwa akilishuku siku nyingi. "Nilikuwa najiuliza."

"Nisamehe, Mzee. Nilikatazwa nisi..." Kinyozi alikwama, kwa sababu huo haukuwa ukweli wote. "Niliogopa hutapiga tena."

Mzee alifungua mdomo kumjibu, lakini binti aliwahi.

"Miezi yote hii baba yangu analipa ada ya uwanja mzima! Mmeona haoni, mkamfanya mtoto mdogo. Jumatatu namtoa kwenye klabu hii." Aliichukua fimbo mkononi mwa baba yake kwa upole ambao haukulingana na maneno yake, akamgeuza, wakaondoka. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kesho.

Jumapili simu haikulia. Jumatatu haikulia pia, na mchana wake alikuja mhazini, safari hii na barakoa moja, akaketi kwenye kizingiti cha stoo.

"Daktari amejitoa," alisema. "Nami sikulaumu, maana mimi ndiye niliyekutuma. Ila sasa usimsumbue, umesikia? Si mwanachama tena."

"Nimesikia, mama."

Usiku huo maneno hayo yalimkaa kichwani. Si mwanachama tena. Katika miezi yote ile Kinyozi hakuwahi kumpigia Mzee, hata siku ambazo simu ilichelewa, akawa akiitazama tu. Mfanyakazi hampigii mwanachama. Mwanachama ndiye humpigia, akitaka, na asipotaka basi. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote pale, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Asubuhi alilichukua bomba begani, akashuka mpaka grini ya kumi na nne. Ng'ombe walikuwa wamesharudi, wamelala pale alipopanyoa kwa mkasi, wakicheua. Hakuwafukuza. Aliwazunguka, akaenda nyuma kushoto, karibu na mteremko, akalididimiza bomba na kulizungusha kwa uzito wake wote, kwani udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu. Donge likatoka na mizizi yake mirefu, nyeupe. Akatumbukiza kopo. Donge akabaki nalo mkononi, kisha kwa mkono mwingine akabonyeza namba.

Simu iliita, ikaita. Ng'ombe mmoja mwenye kengele aliinuka, akaja kulinusa lile shimo.

Ikapokelewa. Upande wa pili zilisikika pumzi za kifua kizito.

"Shikamoo, Mzee," alisema Kinyozi. "Nyuma kushoto. Leo ni kweli."

Kengele ikalia pembeni yake. Alingoja, udongo ukimpukutika kati ya vidole, mpaka aliposikia, mbali sana, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.